Kenya ijifunge na ahadi ya kupunguza gesi chafu? Tuihesabu kutoka Thika na Ruiru

1/ Wadau, uzi wa leo ni maneno niliyozungumza na vijana wa hapa Ruiru. Nimeyaandika karibu vile nilivyoyasema. Sheria yetu ni ileile: hatutaji mwanasiasa wala chama. Tunachambua hoja.

Kila mkipiga siasa swali hili hurudi. Nchi inayokua haraka kama yetu ijifunge na kiwango cha gesi chafu, ama iachwe ijenge kwanza kama wengine walivyojenga? Kwenye mdahalo mheshimiwa hujibu kwa sekunde 30, makofi yanapigwa, mambo yanaisha hapo. Leo tulichukue polepole.

2/ Tuanze na wanaosema "tusijifunge." Msiwadharau, wana hoja. Mkenya kwa wastani hutoa chini ya nusu tani ya hewa ya ukaa kwa mwaka kutokana na mafuta na makaa ya mawe. Mmarekani hutoa karibu tani 14. Afrika nzima ni kama asilimia 4 tu ya hewa hiyo ya ukaa duniani. Itifaki ya Kyoto ya 1997 ilitambua tofauti hiyo: viwango vya lazima viliwekewa nchi zilizoendelea peke yake. Kwa hivyo kijana anayetafuta kazi ya kiwanda Thika ana haki ya kuuliza: kwani mlango ambao wenzetu walipitia ndio sisi tunafungiwa?

3/ Wanaosema "tujifunge" nao watakukumbusha ukame ulioanza mwisho wa 2020, misimu mitano ya mvua ikakosa mfululizo kaskazini mwa nchi. Watakukumbusha mafuriko ya 2024 yaliyoua watu zaidi ya 200.

Lakini hapa hukosea wakisema tukipunguza gesi yetu mvua itarudi sawa. Kenya hata ikifika sifuri kesho, mvua ya Ndakaini haitabadilika. Nguvu ya hoja yao iko kwingine. Mkataba wa Paris wa 2015 unasimama kwa sababu kila nchi inaleta ahadi yake mezani, tajiri na maskini. Ukikaa nje, utamdai nani? Uchina imesema itafika sifuri halisi kabla ya 2060, India imesema 2070. Ni ahadi za mbali, lakini leo unaweza kuzishika mkononi na kuwauliza mmefika wapi.

4/ Sasa tusome ahadi ya Kenya yenyewe, kwa sababu wengi wanaibishania bila kuisoma.

Mwaka 2020 Kenya ilisema itapunguza gesi chafu kwa asilimia 32 kufikia 2030. Ukisikia hivyo unadhani tutatoa theluthi moja chini ya tunachotoa leo. Sivyo. Asilimia hiyo inapimwa dhidi ya makadirio: tungeendelea bila kufanya lolote, 2030 tungekuwa tunatoa tani milioni 143. Toa asilimia 32, unabaki na kama milioni 97. Na mwaka 2015 tulikuwa tumeshatoa karibu milioni 94.

Yaani ahadi yetu haisemi "shukeni." Inasema "msipande sana." Mheshimiwa anayesema tumekubali kufunga viwanda hajafanya hesabu hii. Na anayejigamba kwamba tunapunguza kwa theluthi naye hajaifanya. Tena zaidi ya nusu ya gesi yetu hutoka kwa kilimo, mifugo na ukataji miti, si mabomba ya moshi ya Thika.

5/ Nani analipa? Serikali ilikadiria dola bilioni 62 za kupunguza gesi na kukabiliana na athari zake hadi 2030. Kenya ilisema itabeba asilimia 13. Zile 87 zitoke nje.

Rekodi ya hao wa nje ni hii. Mwaka 2009 nchi tajiri ziliahidi dola bilioni 100 kila mwaka kufikia 2020. Kwa hesabu yao wenyewe, walifikia 2022. Mwaka 2021 Afrika Kusini iliahidiwa dola bilioni 8.5 iachane na makaa ya mawe. Sehemu kubwa ni mikopo. Mkopo ni mkopo, hata ukipakwa rangi ya kijani. Atakayeulipa ni wewe, kwa ushuru.

6/ Kwa hivyo ni kitu gani kinatufunga kwelikweli? Sio karatasi ya Paris. Ni vitu tunavyojenga.

Tazameni Thika. Kuna mtambo wa stima wa megawati 87 unaochoma mafuta mazito. Ulijengwa wakati nchi ilikuwa na uhaba wa stima, kwa mkataba wa miaka 20. Mikataba ya aina hii hulipa mitambo kwa kuwa tayari, hata siku ambayo haijawashwa. Ikiwashwa, gharama ya mafuta inaingia kwenye bili yako, na dola ikipanda, bili inapanda nayo.

Lakini tuseme ukweli wote. Karibu asilimia 90 ya stima yetu hutoka kwa mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Saa moja jioni jua limezama, kila nyumba imewasha taa, na mitambo ya mafuta ndiyo huziba pengo. Ukiizima bila kitu cha kushika nafasi yake, kiwanda kinakaa gizani na kibarua anarudi nyumbani bila pesa ya siku. Anayetaka tuizime lazima aseme mvuke wa ziada wa Olkaria au betri zitakuja lini, na kwa pesa za nani.

7/ Sasa njooni Ruiru. Sensa ya 2009 ilipata watu 238,858 mjini hapa. Ya 2019 ikapata 490,120. Shamba la kahawa jana, leo ni fleti za orofa saba. Watu hao wote wanapika, wanaoga maji moto, wanapanda matatu kwenda Nairobi alfajiri.

Jengo lililosimama bila mabomba ya maji ya moto ya jua, landilodi hatalibomoa aanze upya. Kiwanda kikinunua boila ya mafuta leo, kitakuwa nayo miaka 20 au zaidi. Nchi tajiri zinalipa kubomoa walichojenga vibaya. Sisi vingi bado ni michoro. Kubadilisha mchoro ni rahisi kuliko kubadilisha jengo.

Ndiyo maana nchi inayokua haraka haifai kungoja mpaka ikue. Kule Lamu ulipangwa mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050. Mwaka 2019 mahakama ya mazingira ilifuta leseni yake, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Ungejengwa, tungekuwa tunajadili jinsi ya kuulipa.

8/ Msimamo wangu: ndiyo, tujifunge, lakini kwa ahadi mbili zilizotenganishwa waziwazi. Ya kwanza ni yetu, kwa pesa zetu: vile tutakavyojenga nyumba, barabara na mitambo mipya. Hiyo tuitimize hata asipokuja mfadhili, kwa sababu bili ni yetu. Ya pili iandikwe na bei na tarehe: mkileta kiasi hiki, si kama mkopo, tutafanya hiki. Msipoleta, hatudaiwi.

Tukizichanganya, kila mtu anapata pa kujificha. Mfadhili anasema Kenya haijafanya, serikali inasema pesa haikuja, na Ruiru inaendelea kujengwa vilevile.

9/ Mdahalo ukija, muulizeni kila mgombea haya, awe anapenda ahadi au anaipinga:

Hiyo asilimia unayotaja imepimwa dhidi ya mwaka gani, ama dhidi ya makadirio gani?
Sehemu ipi tunalipa wenyewe, na iko wapi kwenye bajeti?
Pesa za nje ni msaada ama mkopo?
Mkataba unaofuata wa stima ni wa miaka mingapi, na tutalipa hata usipowashwa?
Saa moja jioni, stima ya viwanda vya Thika itatoka wapi?

Akijibu matatu kati ya hayo bila kurukaruka, msikilizeni. Asipojibu, makofi myaweke kwanza.

Mwenye swali aliweke hapa chini, na mwenye hesabu tofauti alete tuiangalie pamoja.