Wahitimu wa Vyuo Vikuu vya Umma Wanakaa Wapi, na Nchi Inapata Nini Kwao



Kila mahafali tunasoma idadi. Shahada hii wahitimu kadhaa, shahada ile kadhaa, wanawake asilimia fulani. Mkuu wa chuo anawatunuku, wazazi wanapiga vigelegele, na taarifa ya chuo inaishia hapo. Swali nililopewa leo kwenye semina hii linaanzia pale taarifa hiyo inapoishia: baada ya miaka mitano watu hawa wako wilaya gani, na wananchi waliowasomesha kwa kodi zao wanawaona wapi?

Nitasema mapema ninachokiamini. Serikali yetu ina uzoefu mrefu wa kumpeleka mhitimu mahali, lakini uzoefu wake wa kumfanya abaki huko ni mdogo sana. Fedha nyingi tunazotumia kumsomesha tunazipoteza katika miaka miwili au mitatu ya kwanza ya kazi, pale anapofungasha na kuondoka. Kuliko kumlaumu kijana, naomba tutazame utaratibu wetu.

Tulikotoka

Chuo kikuu chetu cha kwanza, cha Dar es Salaam, kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wachache kuliko darasa moja la shule ya sekondari ya leo. Kilihamia Mlimani mwaka 1964. Wakati huo kila mhitimu alihesabiwa kama mali ya taifa, na taifa lilimpangia kazi. Ofisa mpya hakuulizwa kama anapenda Songea au Bukoba.

Utaratibu huo ulipata mtikisiko mapema. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa kwa wasomi: miaka miwili ya utumishi, sehemu yake kambini, na iliyobaki wakifanya kazi kwa asilimia 40 ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwarudisha nyumbani karibu wanafunzi 400. Tukio hilo husimuliwa kama kisa cha vijana waliojisahau, na kwa sehemu ni kweli. Lakini vijana wale walikuwa na hoja ya pili, kwamba viongozi wanaowataka wajinyime nao wanalipwa vizuri mno. Hiyo Mwalimu aliisikia papo hapo, akatangaza kupunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Nakitaja kisa hiki kwa sababu bado kinatuhusu: msomi anakubali kwenda pagumu anapoona kwamba ugumu umegawanywa kwa haki. Akiona mwenzake mwenye mjomba anabaki mjini na yeye asiye na mtu anapelekwa mpakani, ataanza kutafuta mjomba.

Mwaka 1972 yalikuja madaraka mikoani, na watumishi waandamizi wakahamishwa kutoka wizarani kwenda mikoani. Mwaka 1974 Azimio la Musoma likataka mwanafunzi afanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Sharti hilo lililegezwa baadaye, na lilikuwa na kasoro zake, lakini lilikuwa na faida moja ambayo hatukuithamini: mwanafunzi alifika Mlimani akiwa ameshaishi kwenye kituo cha kazi, ameshajua mvua za huko zinakata barabara ipi. Kurudi wilayani kwake hakukuwa safari ya kwenda kusikojulikana.

Baadaye hali ya uchumi ikabana. Ajira za serikali zikasimamishwa, watumishi wakapunguzwa, na mwaka 1994 JKT kwa mujibu wa sheria nayo ikasitishwa, isirudi hadi 2013. Miaka hiyo wahadhiri na madaktari wetu walivuka kwenda Botswana, Lesotho na Namibia. Waliobaki walijitafutia, na kazi za kujitafutia zilikuwa Dar es Salaam.

Anakoishia mhitimu wa leo

Vyuo vya umma vimeongezeka. Sokoine 1984, Chuo Kikuu Huria 1992, Mzumbe 2001, kisha Dodoma, Muhimbili na Ardhi, vyote mwaka 2007. Zanzibar nayo ina chuo chake kikuu cha taifa, SUZA. Wahitimu sasa ni makumi ya maelfu kila mwaka. Nafasi za kazi hazikuongezeka hivyo. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilipotangaza nafasi 1,596, waombaji walizidi 100,000. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini, na Dar es Salaam ilikuwa na 5,383,728, yaani chini kidogo ya asilimia 9. Lakini makao makuu ya mabenki, kampuni za simu, bima, bandari na vyombo vikubwa vya habari yamerundikana katika jiji hilo moja. Mhitimu wa uhasibu au wa uhandisi wa mawasiliano akikimbilia huko hana kosa. Anafuata kazi yake ilipo.

Kundi jingine ndilo linalotuhusu zaidi sisi tuliomo humu: walimu, madaktari, wauguzi, maafisa ugani, wahandisi wa halmashauri. Hawa tunawapanga wenyewe. Tujiulize tunawapangaje.

Kijana anapata barua. Amepangiwa shule ya sekondari ya kata huko Uvinza, au Liwale, au Mlele. Anaripoti. Posho ya kujikimu inachelewa, anakopa kwa mwalimu mkuu. Anatafuta chumba kijijini, na kama ni binti, anatafuta chumba chenye mlango wa kufungika na jirani wa kuaminika, jambo ambalo barua ya ajira haikuligusa kabisa. Mwaka wa kwanza unapita. Ukifika mwaka wa tatu, anatafuta mtu wa kubadilishana naye kituo, au anaingia kwenye mfumo na kuomba uhamisho. Sababu anayoandika mara nyingi ni kumfuata mwenzi.

Hilo la mwenzi ndilo la kwanza, na hapo naomba tukae kidogo, kwa sababu naona ndipo penye uzito na ndipo tunapopadharau. Vijana hawa wanakutana chuoni. Wanamaliza pamoja, wanaajiriwa mwaka mmoja au miwili tofauti, mmoja anapangiwa Nkasi na mwingine Newala. Kutoka Nkasi mkoani Rukwa hadi Newala mkoani Mtwara ni kukata nchi nzima, magharibi hadi kusini mashariki. Ndoa ya namna hiyo haidumu kwa simu. Mmoja lazima ahame, na wakishaanza kuhama hawachagui Nkasi wala Newala, wanachagua mji ambao wote wawili wanaweza kupata nafasi. Halmashauri mbili zenye uhaba zinapoteza watumishi wawili kwa mpigo, na sisi tunaandika kwenye taarifa kwamba watumishi hawataki kukaa vijijini. Tungewapanga wote wawili Nkasi tangu mwanzo, tungeweza kuwa na familia ya watumishi pale, watoto wao wakisoma shule ya pale, na wazazi hao wakiwa na kila sababu ya kuifanya shule hiyo iwe nzuri. Fomu yetu ya maombi ya ajira inauliza mengi. Swali la kituo alichopo mwenzi lingepewa uzito wakati wa kupanga, si wakati wa kuhamisha.

La pili ni vitendea kazi. Daktari aliyefundishwa upasuaji akiwekwa mahali pasipo na chumba cha upasuaji, ujuzi wake unanyauka na yeye anajua unanyauka. Ndiyo maana nimeona faida kubwa katika vituo vya afya vilivyokarabatiwa miaka ya karibuni na kuwekewa vyumba vya upasuaji. Vimempa daktari kijana sababu ya kitaaluma ya kukaa. Pikipiki walizogawiwa maafisa ugani mwaka 2022 nazo ni za hesabu hiyo hiyo. Mhitimu wa Sokoine asiye na usafiri katika kata yenye vijiji sita ni afisa ugani wa kijiji kimoja.

La tatu ni ikama, yaani idadi ya nafasi zilizoidhinishwa, na kibali cha kuzijaza. Machi 2017 Tanzania ilikubali kuipelekea Kenya madaktari 500 wakati wa mgogoro wa madaktari wa huko. Mpango ulikwama mahakamani Nairobi, na Rais Magufuli akaagiza madaktari 258 waliokuwa wameomba kwenda Kenya waajiriwe nyumbani. Tulitafakari tukio lile? Nchi yenye wilaya zinazolia uhaba wa madaktari ilikuwa na mamia ya madaktari waliosomeshwa, wenye sifa, wasio na kazi. Walikuwa tayari kuvuka mpaka kufanya kazi. Hatuwezi kusema hawakutaka Kibondo, kwa maana Kibondo haikuwa imetangazwa.

Tunapimaje thamani yao?

Njia iliyo rahisi ni kuhesabu fedha. Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi mwaka 2005, hutoa mikopo ya zaidi ya Sh700 bilioni kwa mwaka katika bajeti za karibuni, na mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021, uamuzi ambao naamini ulikuwa wa haki. Kwa hesabu hii, mhitimu mzuri ni yule anayelipa haraka na kukatwa kodi kubwa ya mshahara.

Naipinga hesabu hii ikisimama peke yake. Kwa kipimo cha makato, ofisa wa benki pale Posta atamzidi daima mwalimu wa fizikia wa Liwale. Lakini mwalimu yule akiondoka, hakuna anayefundisha fizikia. Wanafunzi wanahama mkondo wa sayansi, na wilaya nzima inakosa mtoto wa kupeleka uhandisi, udaktari au famasi kwa miaka kadhaa. Hasara hiyo haionekani kwenye kitabu cha Bodi wala cha Hazina. Inaonekana baada ya miaka kumi, pale wilaya hiyo inapoletewa daktari mgeni ambaye naye anasubiri uhamisho.

Nisieleweke vibaya kuhusu waliobaki mijini. Mhandisi anayekaa Dar es Salaam na kusimamia mfumo wa kusambaza umeme wa Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, anaihudumia Katavi bila kuikanyaga. Hata aliyeko nje ya nchi ana lake la kutoa. Ninachosema ni kwamba zipo huduma zisizoweza kutolewa kutoka mbali: kuzalisha, kufundisha, kukagua shamba, kupima kiwanja. Kwa huduma hizo, mahali anapolala mtaalamu ni sehemu ya thamani yake.

Kampasi mpya

Kupitia HEET, mradi wa elimu ya juu, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, vyuo vya umma vinajenga kampasi katika mikoa isiyokuwa nazo. Muhimbili wanakwenda Kigoma, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanakwenda Lindi na Kagera, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya wanakwenda Rukwa. Sokoine wako Katavi. Nafurahi sana kwa hatua hii, lakini majengo peke yake hayatabakisha mtu.

Dodoma inatufundisha. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianza 2007, na kwa miaka mingi basi la wahitimu baada ya mahafali lilikuwa la kwenda Dar es Salaam. Kilichobadilisha mambo ni uamuzi wa mwaka 2016 wa kuhamishia Serikali huko, ambao ulivuta wizara, taasisi, nyumba na biashara. Kigoma haitahamishiwa wizara. Kwa hiyo itahitaji kitu kingine, na Shirika la Afya Duniani lilishakisema katika mwongozo wake wa 2010 kuhusu kubakiza watumishi wa afya vijijini: wadahili wanafunzi waliokulia vijijini, na wafundishie huko huko. Kampasi ya Kigoma ikijazwa vijana wa Kinondoni wanaofanyia mazoezi Dar es Salaam, tutakuwa tumejenga bweni la gharama kubwa. Ikiwachukua vijana wa Kasulu, Kakonko na Buhigwe wenye sifa, na mazoezi yao yakafanyika katika hospitali za wilaya hizo, watahitimu wakiwa tayari wenyeji wa kituo cha kazi.

Ombi langu kwa semina hii

Tafiti tunazofanya za kuwafuatilia wahitimu hutegemea dodoso, na anayejibu dodoso ni yule aliyefanikiwa. Lakini takwimu bora tunazo. Kila mwezi waajiri wanawasilisha makato ya wanufaika Bodi ya Mikopo, na kila mwajiri ana mahali alipo. Kwa watumishi wa umma, kituo cha kazi kimo kwenye mfumo wa mishahara. Tukiunganisha hayo, bila kutaja jina la mtu hata mmoja, tunaweza kujua wahitimu wa chuo fulani wa mwaka fulani wako halmashauri zipi, walidumu muda gani katika kituo cha kwanza, na walihamia wapi.

Naomba tusiondoke hapa bila azimio kwamba Bodi ya Mikopo, Utumishi na TAMISEMI watoe jedwali hilo kila mwaka, chuo kwa chuo na halmashauri kwa halmashauri, na lisomwe kwenye mahafali pamoja na idadi ya shahada. Na ninyi maafisa utumishi, mkirudi vituoni, chukueni orodha ya waajiriwa wapya wa mwaka huu, muulize kila mmoja mwenzi wake yuko wapi, kisha mwandike barua ya kumwomba huyo mwenzi aletwe kwenu kabla yule wenu hajaomba kuondoka.