Shaba ya Kansanshi ina Umri Gani?



Leo tuzungumze juu ya shaba. Wengi wetu tumesikia habari za shaba ya Zambia. Reli ya TAZARA, iliyoanza kazi mwaka 1976, ilijengwa hasa ili kuifikisha bandarini Dar es Salaam. Sasa tuulizane: shaba hiyo ilitoka wapi, na ni ya tangu lini?

Twende Kansanshi, karibu na mji wa Solwezi. Wazee wa huko waliichimba karne nyingi kabla ya mitambo kuja. Walifuata jiwe la kijani, wala hawakukosea.

Shaba nyingi ya hapo imelala katika nyufa za mwamba. Tazama ukuta wa udongo ulioatuka, kisha mama mwenye nyumba akaziba nyufa kwa udongo mwingine. Udongo wa kuzibia umekuja baadaye, sivyo? Basi ukipima umri wa mwamba tu, umepima ukuta. Shaba hujaipima.

Nyufa zile zilizibwa na maji ya moto, yenye chumvi nyingi, yaliyopita chini sana ardhini. Yalibeba shaba iliyoyeyuka, kama mchuzi unavyobeba chumvi. Njiani shaba ikaganda. Ushahidi upo: ndani ya jiwe jeupe la nyufa hizo yamebaki matone madogo ya maji yale yale, huyaoni ila kwa darubini. Wataalamu hulipasha jiwe moto polepole mpaka kiputo kilichomo ndani ya tone kipotee. Hapo hujua maji hayakupungua joto gani. Wakiligandisha tone, hujua chumvi yake.

Na umri je? Pamoja na shaba hupatikana madini ya kijivu, laini, yaitwayo molibdenaiti. Yakizaliwa huwa na reniamu, lakini osmiamu karibu hayana. Reniamu hugeuka osmiamu polepole mno, kwa mwendo usiobadilika. Ni kama debe tupu chini ya bomba linalovuja: ukijua mwendo wa matone, na ukapima maji, utajua liliwekwa lini. Mwaka 2000 majibu ya Kansanshi yalitangazwa. Nyufa nyingine zilijaa miaka milioni 512 iliyopita, nyingine milioni 502. Kumbe maji hayakuja mara moja! Mwamba wenyewe ulikuwapo zamani kabla.

Kutoboa shimo la kutafutia madini ni fedha nyingi. Anayedhani shaba ilizaliwa na mwamba atatoboa kila penye mwamba wa namna ile. Anayejua ilikuja na maji atafuata njia za maji, yaani mikunjo na nyufa.