Walinzi wa Mwili

Sisi wa Kisii na Nyamira twajua kazi ya mbwa langoni. Asiyemtambua humbwekea. Muumba ameuwekea mwili nao walinzi wake, walio katika damu. Kila chembe ya mwili ina alama yake, na walinzi hao huikagua.

Saratani kwa kawaida haiambukizi. Lakini mbwa wana moja inayoambukiza: wakipandana, chembe hai za uvimbe hutoka kwa mmoja zikaota kwa mwingine. Chembe hizo huficha alama, nao walinzi hawashtuki. Hata hivyo, mara nyingine walinzi huamka baadaye, na uvimbe hunywea.

Kisiwani Tasmania, huko Australia, yuko mnyama mwenye mfuko wa kulelea watoto kama kangaruu, aitwaye shetani wa Tasmania. Mwaka 1996 ilionekana kwao saratani inayoenea wanapoumana usoni. Imewaua wengi mno. Lakini wachache wamepona wenyewe, kwa kuwa miili yao ilimtambua adui.

Twajifunza kwamba mlinzi aliyechelewa hajashindwa bado, na kwamba yafaa asaidiwe. Basi tukimwona mbwa wetu ana uvimbe unaotoka damu sehemu za uzazi, tusimfukuze kwa mawe. Ugonjwa huo si wa kuambukiza watu. Tumfunge asizurure, tumwite daktari wa mifugo, maana sindano zake huponya mara nyingi. Yeye hutulinda tulalapo. Nasi tumlinde auguapo.