Bahashishi na Ujira
Dominika ya 25 ya Mwaka A (Mt 20:1-16)



Injili ya Dominika hii imetuletea tena habari ya yule mwenye shamba la mizabibu aliyetoka alfajiri kutafuta vibarua, akatoka tena saa tatu, saa sita, saa tisa, na hata saa kumi na moja jioni. Tumezoea kuitafakari Injili hii kwa upande wa neema na wokovu, na ndivyo ipasavyo. Leo naomba tuisikilize pia kwa upande wa fedha yenyewe, kwa sababu katekista mmoja wa parokia ya milimani ameniandikia swali ambalo naona linawagusa wengi.

Anasema aliteremka Morogoro mjini kwa semina. Jioni akasimama kwenye banda la chipsi, akaagiza za kufungiwa. Bei ikatajwa, shilingi 2,500, naye akatoa shilingi 3,000. Kijana akamkabidhi kifurushi, lakini ile mia tano akabaki nayo kiganjani, akasema, "Mwalimu, hii si niachie ya soda?" Mwalimu akanyoosha mkono, akaipokea mia tano yake, akaenda zake. Kijana hakumjibu neno, ila alimtazama. Basi mwalimu anauliza: Je, nilitenda dhambi ya uchoyo? Na je, mtu aliyenunua chakula akaondoka nacho, ambaye hakuketi mezani wala hakuletewa maji ya kunawa, anadaiwa bahashishi?

Mwalimu, hukutenda dhambi. Bei ilitajwa, uliikubali, uliilipa yote. Haki ya mnunuzi na muuzaji ilitimia palepale. Bahashishi si deni, na kitu kisicho deni hakiwezi kudaiwa, hata kwa macho.

Lakini swali halijaisha, maana nyuma ya yule kijana yupo mtu mwingine ambaye barua yako haikumtaja, naye ni mwenye banda.

Turudi shambani. Yule mwenye shamba alipatana na watu wa alfajiri dinari moja kwa kutwa, ambayo ndiyo ilikuwa ujira wa kawaida wa kibarua. Wale wa saa tatu aliwaahidi kwamba angewapa iliyo haki. Jioni aliwapa watu wa mwisho zaidi ya kazi yao, kwa wema wake. Hebu tuangalie wema huo ulitoka wapi. Ulitoka katika mfuko wake mwenyewe. Hakuwapunguzia wale wa alfajiri hata senti. Wala hakuwaambia vibarua wake wakasimame njiani wawaombe wanunuzi wa divai wawaongezee cha kununulia mkate! Kwanza alitimiza haki, kisha juu ya haki akaweka ukarimu. Utaratibu huo ukigeuzwa, mambo huharibika.

Na sasa umegeuzwa mahali pengi. Nchini Marekani, tangu mwaka 1991, sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu anayepokea bahashishi dola 2.13 tu kwa saa, wakati kima cha chini cha wafanyakazi wengine ni dola 7.25 tangu mwaka 2009, kwa matumaini kwamba wateja watajaza pengo, ingawa majimbo kadhaa yameweka viwango vya juu zaidi. Ndugu zetu wanaoishi huko wanatueleza kwamba siku hizi hata ukinunua kikombe cha kahawa cha kuondoka nacho, mashine ya malipo inakuuliza utaongeza kiasi gani kabla hujakipokea. Hatuna haja ya kuvuka bahari kuona jambo hilo. Wapagazi wengi wanaowabebea wageni mizigo mlimani Kilimanjaro wamekuwa wakiitegemea bahashishi ya siku ya mwisho kuliko ujira wenyewe. Na hapa kwetu yapo mabanda ambamo kijana anaambiwa waziwazi, "Mshahara ni mdogo, lakini wateja wa hapa ni wazuri."

Amri ya Mishahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliwapangia wafanyakazi wa migahawa, nyumba za wageni na baa shilingi 150,000 kwa mwezi kuwa kima cha chini. Ukizigawanya kwa siku 26 za kazi, hupati hata 6,000 kwa siku. Na kiasi hicho kiliitwa kima cha chini maana yake ni sakafu. Hakuna ruhusa ya kuchimba chini yake kwa kisingizio cha chenji za wateja. Papa Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, alifundisha kwamba hata kama mwajiri na mfanyakazi wamepatana, bado ipo haki iliyo kubwa kuliko mapatano yao: ujira uweze kumtunza mfanyakazi mwenye kiasi na mwadilifu. Akiwa amekubali kidogo kwa sababu ya njaa, hapo ameonewa, hata kama ametia sahihi. Papa Leo XIV, aliyechaguliwa Mei 2025, aliwaeleza makardinali kwamba alichagua jina lake kwa kumkumbuka hasa papa huyo na fundisho hilo. Basi, ewe mwenye banda, mwenye mgahawa, mwenye baa unayenisikiliza baada ya Misa: bahashishi ya mteja ni mali ya aliyepewa. Usiihesabu katika mshahara wake.

Sasa nataka nikae kidogo sokoni, kwa sababu huko ndiko dhamiri zetu sisi wa Morogoro zilikolala.

Wanawake wa Luhungo, wa Mbete na wa vitongoji vingine vya mlimani huamka usiku, hutelemka kwa miguu na tenga la ndizi kichwani, hufika mjini kumepambazuka. Wa Kinole na Matombo huja kwa gari na mananasi na viungo. Wa Mgeta huleta karoti, kabichi na njegere. Mama huyo hana mwajiri. Hakuna atakayemlipa mwisho wa mwezi. Ujira wake wa kulima, kuvuna, kubeba na kukaa juani umo wote ndani ya bei ya lile fungu lililo mbele yake. Naye mnunuzi anafika, iwe ndani ya Soko Kuu la Chifu Kingalu lililofunguliwa mwaka 2021 au pembeni mwa barabara, anasema, "Punguza." Mama anapunguza. Kisha anasema, "Niongezee." Mama anaongeza ndizi mbili. Kisha mnunuzi huyohuyo anakwenda kunywa soda mahali penye feni, anatoa noti ya elfu tano, anamwambia mhudumu kwa sauti ya kusikika meza ya pili, "Baki na chenji!"

Ndugu zangu, hizo si fedha zake tu alizompa mhudumu. Mle ndani zimo na ndizi mbili za mama wa Luhungo.

Sisemi kwamba kupatana bei ni dhambi. Ni desturi yetu. Muuzaji anaitaja bei akijua itashuka, na mara nyingi maneno yale huwa ndiyo salamu yenyewe. Wala sisemi kwamba nyongeza iondolewe. Nyongeza ni jambo zuri sana. Kwa wenzetu mnunuzi ndiye humwongezea muuzaji. Kwetu muuzaji humwongezea mnunuzi, ili arudi kesho, na kwa sababu haipendezi mtu kuondoka na hesabu kavu. Lakini ni nzuri ikitoka mkononi mwa mama mwenyewe, kwa moyo wake. Ikichukuliwa saa kumi jioni, wakati mvua inakusanyika juu ya mlima na gari la mwisho linapiga honi, mnunuzi akijua kwamba mama hawezi kurudi na mzigo, hiyo haistahili tena kuitwa nyongeza. Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, inaamuru kibarua maskini alipwe siku ileile kabla jua halijatua, kwa kuwa roho yake inautazamia ujira ule. Mama yule naye analitazama jua.

Kuhusu chenji nitasema kwa kifupi. Muuzaji anayesema "sina chenji" huku anazo, au anayekupa pipi usizoziomba badala ya fedha yako, amejitoza bahashishi mwenyewe, naye aache. Na hii habari ya kulipa kwa simu, unapoambiwa "tuma na ya kutolea", hiyo si bahashishi bali ni gharama. Itajwe mapema pamoja na bei, watu wapatane, yaishe. Ama yule wa ofisini anayeomba "chai" kabla ya kukugongea muhuri, ombi lake ni rushwa, hata kama ni shilingi 1,000. Tusisahau kwamba neno zuri la takrima liliingizwa katika sheria ya uchaguzi mwaka 2000, na Mahakama Kuu ikakibatilisha kifungu hicho mwaka 2006, kwa kuwa ukarimu wa namna ile ulikwisha kuwa mlango wa rushwa. Kinachotolewa ili upendelewe hakiwezi kuitwa asante.

Je, basi tusitoe kabisa? Hapana, tutoe. Mwenye nacho na atoe, tena kwa furaha. Kijana aliyekufungia chakula saa tatu usiku amesimama mbele ya mafuta ya moto tangu mchana. Lakini tuangalie namna ya kutoa. Katika Kitabu cha Ruthu, sura ya pili, Boazi aliwaagiza vijana wake wachomoe masuke kwa makusudi katika miganda na kuyaacha chini, Ruthu ayaokote, wala wasimkemee. Ruthu alijua tu kwamba siku ile aliokota vizuri. Hakupigishwa magoti.

Na hapa nawaambia akina baba na vijana jambo moja waziwazi. Ipo bahashishi inayotolewa kwa binti mhudumu, leo elfu mbili, kesho elfu tano, na siku ya tatu mtoaji anamshika mkono na kuuliza anatoka kazini saa ngapi. Akikataa, anaambiwa hana shukrani. Mwenye baa naye anamwambia asimuudhi mteja. Binti huyo ana mama yake, pengine ni yuleyule wa tenga la ndizi. Kama mshahara wake ungetosha, angeweza kuirudisha noti ile mezani. Ndiyo maana nimeanza na ujira. Bahashishi humpata mtu huru pale tu ambapo anaweza kuikataa na bado akala.

Nimesikia kwamba baadhi ya parokia zetu, ambako WAWATA huuza chai na maandazi baada ya Misa, wanafikiria kuweka kopo la asante mezani. Sina neno dhidi ya kopo. Naziomba tu Halmashauri za Walei, katika kikao kijacho, zimwulize kwanza yule binti anayeosha vikombe na yule kijana anayechota maji: wanalipwa kiasi gani, na mara ya mwisho walilipwa lini? Jibu lao liandikwe katika kumbukumbu za kikao pamoja na tarehe ya kulipwa, ndipo mwamue habari ya kopo.