JOHN AKII-BUA: MKIMBIAJI, MKIMBIZI, MWALIMU
Maneno yaliyosomwa kwa niaba ya Kamati mbele ya mkutano wa tarehe 20 Juni

Kamati imetutuma tuseme machache kabla ya michezo kuanza, na tumeahidi kutowachosha katika jua hili.

Wengi wenu mnajua kwamba tulitumwa Kampala kufuatilia makaratasi ya kambi. Ofisi tuliyoelekezwa ipo Nakasero, kile kilima chenye soko kubwa chini na nyumba za wakubwa juu. Tulifika mapema mno, tukaambiwa tungoje nje. Katika kuzungukazunguka tukakuta kibao cha barabara kimeandikwa Akii Bua. Tukamwuliza kijana mmoja aliyekuwa akilinda lango, Akii-Bua ni nani? Akajibu kwamba hilo ni jina la barabara. Mzee mmoja kati yetu alicheka sana, kisha akanyamaza, kwa maana yeye alimsikia mtu huyo redioni mwaka 1972. Hapo ndipo yalipoanza mazungumzo tunayowaletea leo.

John Akii-Bua alizaliwa tarehe 3 Desemba 1949 katika nchi ya Walango, kaskazini mwa Uganda. Alikuwa mmoja wa watoto 43 wa baba mmoja aliyekuwa na wake wanane. Shule hakuifikisha mbali. Akaingia jeshi la polisi, na huko polisi ndiko alikofundishwa kuruka viunzi na Jorem Ochana, askari mwenzake aliyekuwa bingwa kabla yake. Baadaye alikuja kocha kutoka Uingereza, Malcolm Arnold, akamhamisha kutoka mbio fupi za viunzi kwenda mbio za mita 400.

Kwa wasiozijua mbio hizo: ni mzunguko mzima wa uwanja, na njiani pamewekwa viunzi 10, kila kimoja kimo cha sentimita 91, yaani kama kiunoni mwa mtu wa kawaida. Wakimbiaji wengi huruka kwa kutanguliza mguu mmoja tu, siku zote ule ule, na hatua zikikosana hupoteza mwendo. Akii-Bua alijizoeza kutanguliza wowote kati ya miwili. Tena alikuwa akifanya mazoezi amevaa kizibao chenye vyuma vizito, ili siku ya mashindano aone mwili mwepesi. Mwaka 1970 alikwenda Edinburgh kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola, akawa wa nne. Hakurudi na medali, ila alirudi akijua kinachomkosesha.

Tarehe 2 Septemba 1972, huko Munich, alipangiwa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa ambayo kona zake ni kali na wakimbiaji hawaipendi. Mwingereza David Hemery, bingwa wa mwaka 1968 na mwenye rekodi ya dunia, alikuwamo. Akii-Bua akawapita wote akamaliza kwa sekunde 47.82. Hajapata kutokea kabla yake mtu wa kukimbia mbio hizo chini ya sekunde 48. Ilikuwa medali ya kwanza ya dhahabu ya Uganda katika Olimpiki, na nchi hiyo ilingoja miaka 40 kupata ya pili, ya Stephen Kiprotich mwaka 2012.

Aliporudi alipewa cheo, akapewa nyumba, na barabara ya Nakasero ikapewa jina lake. Lakini wazee wetu, kilima ni kile kile. Hapo hapo Nakasero palikuwa na makao ya State Research Bureau, polisi wa siri wa Idi Amin, ambako watu waliingizwa na wengi hawakutoka. Walango na Waacholi ndio waliosakwa kuliko wengine, na Akii-Bua alikuwa Mlango. Hebu fikirini mtu anayesifiwa na serikali mchana huku ndugu wa kabila lake wanachukuliwa usiku. Mwaka 1976 alikuwa tayari kutetea ushindi wake Montreal, lakini nchi za Afrika zikasusia michezo kwa sababu New Zealand ilicheza raga na Afrika Kusini ya makaburu. Huko huko Mmarekani Edwin Moses akaivunja rekodi yake, na yeye hayupo.

Mwaka 1979 Amin alipoangushwa, Akii-Bua aliogopa kuhesabiwa kuwa mtu wa Amin. Akavuka mpaka kwenda Kenya na familia yake, akawekwa kambini kama mkimbizi. Bingwa wa Olimpiki! Alitolewa kwa msaada wa kampuni ya viatu ya Puma, ambayo alikuwa akivaa viatu vyake, wakampeleka Ujerumani wakampa kazi. Mwaka 1980 alikimbia tena kwa jina la Uganda huko Moscow, lakini nguvu za Munich hazikuwapo na hakufika fainali. Baadaye alirudi nyumbani, akawa kocha, akawafundisha vijana kazi ile ile aliyofundishwa na Ochana. Alifariki Kampala tarehe 20 Juni 1997, akiwa na umri wa miaka 47, akazikwa kwa heshima za kitaifa. Tarehe 20 Juni ndiyo tarehe ya leo, ambayo tangu mwaka 2001 ni Siku ya Wakimbizi Duniani.

Sasa tuseme lililotusumbua tukiwa njiani kurudi. Akii-Bua alitolewa kambini kwa sababu alijulikana. Waliokuwa naye humo hawakuwa na kampuni ya viatu ya kuwatafuta.

Na sisi je? Siku ya kuandikishwa, mwenzetu mmoja aliyefundisha riadha kwao miaka 15 alieleza kazi yake, na karani akaandika "mkulima". Hakuwa na shamba wakati huo, na hana hadi leo. Mwenzetu huyo hakugombana na mtu. Kila alfajiri huwakimbiza watoto kutoka kisimani hadi mbele ya ghala la chakula, na viunzi vyao ni fito zilizolazwa juu ya matofali. Wageni wetu mmewaona mkipita na magari.

Wanaodhani kambi haitoi mwanariadha wakumbuke Rio mwaka 2016. Timu ya kwanza ya Olimpiki ya wakimbizi ilikuwa na watu 10: waogeleaji wawili wa Syria, wacheza judo wawili wa Kongo, mkimbiaji mmoja wa Ethiopia, na wakimbiaji watano wa Sudan Kusini waliotoka kambi ya Kakuma. Hao watano walipata mazoezi Kenya chini ya Tegla Loroupe, ambaye naye alikuwa mkimbiaji kabla ya kuwa mlezi wa wengine.

Kwa hiyo Kamati ina maombi mawili, nayo tumeyaandika pia kwenye barua. La kwanza, daftari la wakazi lipitiwe upya, na kila mtu aandikwe kazi aliyoijua kwao, awe kocha, mkunga, fundi saa au mwalimu. La pili ni kuhusu ghala jipya. Ramani tuliyoonyeshwa inalikalisha juu ya njia ya mbio. Ghala hatulikatai, tunalihitaji. Tunaomba lisogezwe hatua 40 upande wa mikaratusi, ambako tumepima wenyewe kwa kamba na pametosha.

Mbio za watoto zitaanza saa nane kamili, kuanzia kisimani. Wazazi wenye mbuzi tunawaomba wawaondoe njiani sasa hivi, maana mwaka jana mmoja aliingia akawa wa tatu.