Mkono Usiokoma: Kula Kupita Kiasi Siku ya Mgawo

(MUZIKI WA KUFUNGUA, KISHA UNASHUKA)

MTANGAZAJI: Ndugu msikilizaji, popote ulipo kambini, iwe Tanzania, Uganda, Burundi au Rwanda, leo tunazungumzia kula kupita kiasi. Najua wengine wanacheka: "Chakula chenyewe hakitoshi, nani atakula kupita kiasi?" Nisikilizeni kidogo.

Tuchukue mfano wa mama mmoja, tumwite Mama Neema. Siku ya mgawo anarudi na unga, maharage na mafuta. Usiku ule anasonga ugali mkubwa. Watoto wanashiba, yeye anaendelea. Tumbo linauma, lakini mkono haukomi. Watoto wakilala, anarudi kwenye sufuria peke yake, gizani. Asubuhi anaona aibu. Wiki ya tatu unga umekwisha, na nyumba nzima inakula mara moja kwa siku. Mgawo ukija, mambo ni yale yale.

Je, Mama Neema ni mlafi? Hapana. Mwili uliopitia njaa huikumbuka njaa. Katika utafiti ulioanza mwaka 1944 katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, wanaume 36 wenye afya walijitolea kupunguziwa chakula kwa karibu miezi sita. Walipopewa chakula tena, baadhi yao walikula mpaka tumbo likajaa, na bado wakasema wana njaa. Hao hawakuwa wamekimbia vita. Wewe umebeba njaa, na juu yake umebeba huzuni na hofu ya kesho. Chakula hutuliza moyo kwa muda mfupi, kisha mawazo yanarudi.

(MUZIKI MFUPI)

MTANGAZAJI: Utajuaje kwamba tabia hii imekushika? Unakula haraka sana, hata bila njaa. Unakula kwa kujificha. Unataka kuacha, unashindwa. Ukimaliza, unajichukia. Kula mara moja kupita kiasi kwenye harusi si tatizo. Tatizo ni jambo hili kujirudia kila mara.

Sasa tufanye nini? Kwanza, siku ile ile ya mgawo, kabla ya kuwasha moto, pima unga kwa kopo na uugawe katika mifuko, kila wiki mfuko wake. Mifuko mingine ifunge. Akiba haiozi.

Pili, usishinde njaa makusudi ili ule sana usiku. Kula kidogo kwa saa zile zile kila siku. Mwili ukizoea kwamba chakula kitakuja, hofu hupungua.

Tatu, pakua kwenye sahani, usile kutoka kwenye sufuria. Kaa chini, tafuna polepole. Tumbo huchukua kama dakika 20 kuupa ubongo habari kwamba limeshiba. Kwa hiyo subiri kabla ya kuongeza. Maharage na mboga za majani hukaa tumboni kuliko chai ya sukari nyingi.

Nne, mkono ukienda kwenye sufuria, jiulize: hii ni njaa ya tumbo au ni ya moyo? Ikiwa ni ya moyo, toka nje, mwite jirani, mzungumze.

Lakini sikilizeni vizuri. Simwambii mtu yeyote apunguze chakula cha mtoto, cha mama mjamzito au cha anayenyonyesha. Hao wanahitaji sehemu yao yote.

Ukiona unajitapisha baada ya kula, au una kiu kali na unakojoa mara kwa mara, nenda kituo cha afya. Kiu hiyo na kukojoa huko kunaweza kuwa dalili ya kisukari. Na kama mawazo yamekuzidi, mwambie mhudumu wa afya wa mtaa wako. Atakuelekeza kwa mshauri.

Na wewe jirani, ukimwona mtu anakula hivyo, usimcheke. Kaa naye, mle pamoja. Anayekula na wenzake hana haja ya kujificha gizani.

 

(MUZIKI WA KUFUNGA)

MASWALI KWA VIKUNDI VYA WASIKILIZAJI
1. Nyumbani kwenu, mgawo huisha wiki ya ngapi? Kwa nini?
2. Mama Neema angekuwa jirani yako, ungeanzaje kuzungumza naye bila kumwaibisha?