Mchezo wa Meza ya Kijani

Jioni hii twataka kunena habari za mchezo ambao hauchezwi uwanjani, wala hautaki mbio, wala kelele. Hata watazamaji wake hunyamaza kama watu waliomo katika chumba cha mtihani. Jina lake ni snuka.

Wengi wenu mmeziona meza za puli karibu na maduka, vijana wakizizunguka na fimbo zao. Snuka ni ndugu yake mkubwa. Meza yake ina urefu wa karibu meta 3.6, na upana wake ni nusu ya hapo. Chini ya kitambaa cha sufu cha kijani mna vibao vizito vya jiwe vilivyosawazishwa kwa uangalifu mwingi, na kandokando mna mifuko 6. Matufe mekundu ni 15, kila moja lina alama 1. Kisha yako matufe ya rangi: la manjano alama 2, la kijani 3, la kahawia 4, la buluu 5, la waridi 6, na jeusi 7. Mchezaji hayapigi hayo kwa fimbo yake. Hulipiga tufe jeupe, nalo ndilo liyapige mengine. Sharti atie jekundu kwanza ndipo apate ruhusa ya kujaribu la rangi, na la rangi likiingia mfukoni hurudishwa mezani maadamu mekundu yangaliko.

Wanafunzi na washike kalamu. Mtu akitia mekundu yote 15, na baada ya kila moja akatia jeusi, amepata 15 mara 8, yaani 120. Yakibaki yale 6 ya rangi, akayatia yote kwa zamu zake, aongeza 27. Jumla ni 147. Hesabu hiyo ni nyepesi kwa kalamu. Kwa fimbo ni jambo jingine, maana mpigaji hafikiri tu juu ya tufe analolitia, bali pia mahali litakapotua jeupe baada ya pigo.

Husemwa kwamba mchezo huu ulizaliwa Bara Hindi, mjini Jabalpur, mwaka wa 1875, miongoni mwa maofisa wa Kiingereza. Anayetajwa kuwa mwanzilishi ni kijana Neville Chamberlain, wala si yule aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza baadaye. Kwa hiyo ilifaa sana kwamba mashindano ya kwanza ya dunia ya wachezaji wa ridhaa yafanyike huko huko Bara Hindi, mjini Calcutta, mwaka wa 1963. Mchezaji wa ridhaa ni yule ambaye mchezo si kazi yake ya mshahara. Bingwa wa mwaka ule, Gary Owen wa Uingereza, alikuwa mzimamoto. Akashinda tena Karachi mwaka wa 1966.

Tangu hapo hata mwaka wa 1982 mabingwa wote walitoka Uingereza au Wales. Mchezo ulizaliwa Bara Hindi, lakini taji halikukaa huko. Mwaka wa 1984, mjini Dublin, O. B. Agrawal wa Bara Hindi alimshinda Terry Parsons wa Wales, bingwa wa 1982, michezo 11 kwa 7, na ule mfululizo ukakatika.

Lakini twapenda kukaa kidogo zaidi katika mji mmoja wa Afrika, nao ni Johannesburg. Mashindano haya yalifika huko mara ya kwanza mwaka wa 1976, akashinda Doug Mountjoy, mchimba makaa wa Wales, aliyempiga Paul Mifsud wa Malta 11 kwa 1. Mwaka ule ule, tarehe 16 Juni, wanafunzi wa Soweto, kando ya mji huo huo, walitoka madarasani kupinga kufundishwa kwa Kiafrikaans, na polisi wakawapiga risasi. Sisi walimu hatuwezi kuutaja mwaka huo kwa habari za fimbo na matufe peke yake. Serikali iliyotawala ilibagua watu kwa rangi zao katika shule, katika makazi, na katika michezo pia.

Mara ya pili ilikuwa mwaka wa 1994. Mwezi wa Aprili mwaka huo watu wa rangi zote walipiga kura, na mwezi wa Mei Nelson Mandela akaapishwa kuwa Rais. Katika Johannesburg hiyo waliofika fainali hawakuwa Waingereza hata mmoja. Huyu alikuwa Mohammed Yusuf wa Pakistan, mtu aliyekwisha kupita miaka 40. Yule alikuwa Jóhannes R. Jóhannesson wa Iceland, kisiwa cha kaskazini kabisa, chenye watu wachache kuliko wilaya zetu nyingi. Mshindi alitakiwa kufikisha michezo 11. Yusuf aliipata, na mwenzake 9. Fikirini saa nyingi za kusimama na kuketi, kwani mwenzako anapopiga huna la kufanya ila kutazama, na maji mezani pako, na fimbo mkononi haina kazi. Twaona hilo ndilo gumu kuliko yote katika mchezo huu, nalo halina alama.

Pakistan ilingoja miaka 18 kupata taji la pili. Muhammad Asif alilitwaa Sofia mwaka wa 2012, akimshinda Gary Wilson wa Uingereza 10 kwa 8, akashinda tena mwaka wa 2019 huko Uturuki. Kisha mwezi wa Machi 2022, mjini Doha, Mpakistani mwingine, Ahsan Ramzan, alicheza fainali na Amir Sarkhosh wa Iran. Walifungana 5 kwa 5. Mchezo wa mwisho akauchukua Ramzan, naye alikuwa na umri wa miaka 16.